Kwenda kwa tanga San Francisco hadi Eureka kuona miti ya redwood

Wiki jana nilikuwa namwelekeza binamu yangu kwa simu safari hii ya pwani ya California, kwenda kuona redwood, ile miti mirefu sana, nikaona bora niandike kabisa.

1. Chagua mwezi. Mimi nasema Septemba. Katikati ya kiangazi upepo wa kaskazini magharibi unakaza na wewe ndo unaelekea huko huko, yaani unabisha, unakwenda kinyume cha upepo, zaidi ya maili 200 za baharini, na rasi ya Cape Mendocino ndo pabaya kuliko pote. Pazunguke alfajiri upepo ukiwa umelala, washa injini tu.

2. Chakula, mafuta, nguo za baridi. Haya unayajua.

3. Kuingia Humboldt Bay, ghuba ya Eureka. Hapa soma polepole. Mlangoni kuna fungu la mchanga katikati ya kuta mbili za mawe, na maji yakipwa yanatoka kwa kasi yanakutana na mawimbi ya bahari kuu, basi wimbi linasimama wima na kuvunjika palepale unapotaka kupita. Ingia maji yakijaa, mwishomwisho wa kujaa ndo pazuri zaidi. Mimi mara ya kwanza niliona upepo umetulia nikadhani kwisha kazi, kumbe nimefika lisaa limoja baada ya maji kuanza kupwa, nikakaa nje kwenye ukungu karibu masaa saba nasubiri, mkewangu anatapika. Upepo kutulia hausemi kitu, mawimbi yanatoka mbali. Soma utabiri wa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, wa lango lenyewe, sio wa bahari tu, halafu ukikaribia waite walinzi wa pwani kwenye redio ya VHF chaneli 16 uwaulize hali ya fungu. Usitegemee app ya simu peke yake, beba jedwali la karatasi la maji kujaa na kupwa. Jaketi za kuokolea zivaliwe na kila mtu, mlango wa kushuka ndani ya chombo ufungwe. Na ukiwa na shaka, usiingie. Kaa nje mpaka maji yajae tena.

4. Funga gatini Eureka, kodi gari, shika barabara ya 101 kusini mpaka Founders Grove, msitu wa redwood. Haifiki saa nzima. Anza na Dyerville Giant, mti ulioanguka 1991 na bado umelala pale, tembea ubavuni mwake toka shina mpaka kileleni ndo utaelewa urefu, maana iliyosimama shingo inauma kabla hujaona mwisho. Mizizi ya redwood haiendi chini sana, inatambaa pembeni na kushikana na ya jirani. Na ukungu ule ule uliokutesa baharini ndo unainywesha hii miti kiangazi. Nenda asubuhi na mapema, kaa kimya.

5. Kurudi upepo uko nyuma yako, raha. Ila kutoka pale mlangoni hesabu ya maji ni ile ile.