Kabla hujaamini namba ya sukari
Mama yangu, hapa Dodoma, nampima sukari ya damu mwenyewe. Msimu wa zabibu ndio wa kuangalia sana: maji ya tunda yakibaki kidoleni, mashine inasoma na sukari yake, na spiriti haiyatoi vizuri. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, toboa pembeni mwa ncha ya kidole. Usikamue kwa nguvu. Stripu, vile vijiti vya kupimia damu, zikae kwenye kopo lake, kifuniko kimebana, mbali na jua na jiko.

Hata mashine nzuri hupishana na maabara. Kwa kiwango cha 2013 cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, maabara ikisema 10 (mmol/L), mashine inaruhusiwa kusoma 8.5 hadi 11.5. Namba ikikushangaza, nawa, rudia. Lakini mgonjwa akitetemeka na kutoka jasho, huenda sukari imeshuka: kama bado anameza vizuri, mpe sukari kwanza.