Dada wa kazi akipata ujauzito: namna ya kupanga na kulipa likizo yake

Kama familia inapaswa kumlipa dada wa kazi likizo ya uzazi, kwa Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilishamaliza ubishi: siku 84 za malipo kamili, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Nyumba yenye dada mmoja inabanwa sawa na kiwanda. Asiyetimiza miezi sita kazini ndiye hana haki ya likizo yenye malipo.

Anza na hesabu, maana hapo ndipo familia nyingi hutishika bure. Mshahara wa likizo si gharama mpya. Ungeulipa hata angekuwepo. Kinachouma ni msaidizi wa muda. Tuseme dada analipwa 150,000 na wa muda atachukua 120,000: miezi mitatu ni 360,000. Ukianza kuweka akiba miezi minne kabla, ni 90,000 kwa mwezi. Ongeza nauli ya huyo wa muda na wiki moja ya kukaa pamoja na dada ajifunze ratiba ya watoto. Wiki hiyo usiibane; mtoto hazoei mgeni kwa siku moja.

Tarehe zichukue kwenye kadi ya kliniki. Dada anatakiwa kukuarifu angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua, akiwa na cheti cha daktari, na anaweza kuanza likizo wiki nne kabla. Matarajio yakiwa 29 Juni, taarifa ifike kabla ya 29 Machi, na likizo inaweza kuanza 1 Juni. Siku 84 zinaishia 23 Agosti, kazini 24 Agosti. Wakiwa mapacha, zinafika 8 Septemba. Jumapili na sikukuu zimo humo humo. Akiondoka mapema hivyo, baada ya kujifungua hubaki wiki nane tu, kwa hiyo mwenye afya njema huona afadhali kuchelewa kidogo. Ndani ya wiki sita za mwanzo baada ya uzazi harudi kazini, labda daktari athibitishe kwamba yuko vizuri.

Andikeni karatasi mbili, kila mmoja abaki na yake, zote zina sahihi: "Likizo ya uzazi 1 Juni hadi 23 Agosti. Mshahara Sh 150,000 kila tarehe 30. Kurudi kazini 24 Agosti." Akienda kwao, tuma kwa simu na utunze ujumbe wa muamala, ada ya kutuma na kutoa iwe juu yako, la sivyo mshahara haufiki kamili.

Kosa la kwanza ni kuikata likizo hii kwenye zile siku 28 za mwaka. Hizo ni haki nyingine kabisa. La pili ni la usiku: miezi miwili kabla ya kujifungua, na miwili baada yake, hapaswi kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kama ndiye huamka kumtuliza mtoto wenu, panga zamu nyingine mapema. Ndoo ya lita 20 na kupanda kigoda kufuta madirisha pia vimwache.

Kosa kubwa zaidi ni kumrudisha kijijini tumbo likionekana. Ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madada huficha mimba kwa hofu hiyo hiyo, na taarifa ya miezi mitatu inakukosa. Iandike likizo kwenye mkataba siku unamwajiri, umsomee kwa sauti.

Akirudi akiwa ananyonyesha, ana hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mkubaliane kabla hajaondoka kama mtoto atakuja naye au atabaki kwa bibi yake.