SOMO: Kupima mwelekeo wa tafiti za tabianchi za nchi yako

Kila mara naletewa mchoro unaopanda kama mlima pamoja na swali lilelile: "Tafiti zetu zimekua?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Someni hapa.

1. Amua unapima tafiti zilizofanywa NA nchi au zilizofanywa KUHUSU nchi. Za kwanza husakwa kwenye anwani za waandishi, za pili kwenye kichwa na ikisiri (muhtasari ulio mwanzoni mwa makala).

2. Chagua kanzidata (hifadhi ya kusakia makala mtandaoni) moja, usihame. Web of Science na Scopus ni za kulipia. OpenAlex ni bure.

3. Tunga maneno ya kusaka. "Climate change" na "global warming" yawe ndani ya alama za kunukuu. Neno "climate" likiwa peke yake litakuzolea makala za mazingira ya uwekezaji, na "greenhouse" litakuletea nyanya za kwenye kitalu nyumba. Chota vichwa 100 bila kuchagua, uvisome kimoja kimoja. Kama 15 haviihusu mada, rekebisha usake upya.

4. Pakua, ondoa makala zilizojirudia kwa namba ya DOI (kitambulisho cha pekee cha kila makala).

5. Hesabu kwa mwaka. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nendeni taratibu. Kwenye Web of Science, makala nyingi za kabla ya 1991 hazina ikisiri wala maneno muhimu, hivyo ukisaka kwa mada, mashine inasoma kichwa tu. Kuanzia 1991 inasoma na ikisiri, na idadi inaruka ghafla. Ripoti ya kwanza ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, ilitoka 1990, mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa ukapitishwa 1992, basi unashawishika kuandika kwamba watafiti waliamka. Kilichobadilika ni kanzidata! Anza na 1991, au saka kwa kichwa peke yake miaka yote.
ONYO: mwaka 2015 Web of Science iliongeza faharasa (orodha ya majarida yanayosakwa) nzima ya majarida mapya, nchi nyingi zikaonekana kupaa. Weka tiki kwenye faharasa zilezile kwa miaka yote.
ONYO: mwaka wa mwisho haujakamilika. Utoe, la sivyo utatangaza anguko ambalo halipo.

6. Gawanya. Tuseme nchi ina makala 60 za tabianchi kati ya 1,500 za fani zote: 4%. Kama dunia mwaka huo ina 2%, kipimo chako ni 4 ÷ 2 = 2, yaani nchi inaipa mada hii uzito maradufu ya wastani. Hapo ndipo una la kusema.

MASWALI

Kinyonga88: Mkuu, nimepata 3,412. Ni nyingi au chache?
— Hatua ya 6.

Mwanagenzi: Shukrani mwalimu. Makala yenye waandishi wa nchi 10, kila nchi ihesabiwe 1?
— Swali zuri sana. Ukihesabu 1 kwa kila nchi unapima ushiriki, ukihesabu 1/10 unapima mchango. Chora mistari yote miwili. Ikizidi kuachana mwaka hadi mwaka, ukuaji unabebwa na ushirikiano na nje. Kisha tazama mwandishi wa kwanza anatoka wapi.

Daftari: Nimefuata kila kitu, matokeo ni takataka.
— Bandika maneno uliyosakia. Bila hayo hakuna wa kukusaidia.

Daftari: Nimeandika Niger* kwenye anwani.
— Nyota hiyo inaleta kila neno linaloanza na Niger, kwa hiyo umezoa Nigeria yote. Hata "Niger" tupu inaleta jimbo la Niger lililo ndani ya Nigeria. Georgia nayo inagongana na jimbo la Marekani. Kwenye OpenAlex tumia msimbo wa nchi: NE, NG, GE.

Mwanagenzi: Nchi yangu ina makala 5 au 6 kwa mwaka, mstari unarukaruka.
— Jumlisha miaka mitatu mitatu, na uandike idadi halisi juu ya kila nukta ili msomaji aone ni chache. Hifadhi pia tarehe uliyosaka, maana OpenAlex huongezewa makala kila mara, za miaka ya nyuma zikiwemo.