Jinsi ya kudizaini kalenzi ka kuonea seli ndani ya mwili

Usianze na lenzi, anza na mahali unapoipeleka, maana njia ya kupita ndo itakupangia kipenyo, mara nyingi milimita 1 au chini ya hapo. Halafu piga hesabu ya kitu kidogo kabisa utakachoweza kukitofautisha: 0.61 mara urefu wa wimbi la mwanga, gawanya kwa NA (namba inayoonyesha lenzi inakusanya mwanga kwa upana gani). Mwanga wa nanomita 488 na NA ya 0.5 inakupa kama mikromita 0.6, kwa seli inatosha kabisa.

Kwa saizi hii wengi tunakimbilia lenzi ya GRIN (gradient-index), ni kijiti tu cha kioo, ncha zake bapa, ila uwezo wa kioo chenyewe kupinda mwanga unabadilika kutoka katikati kwenda pembeni so mwanga unapindia humohumo ndani. Humo miale inapita kama wimbi, so ukikikata urefu wa robo ya mzunguko mmoja wa wimbi hilo, nukta iliyopo kwenye uso wake inatoka upande wa pili ikiwa miale sambamba. Raha sana, ila rangi tofauti hazifokasi sehemu moja, na pembeni picha inachafuka.

Na jamani msidizaini kwa hewa! Mwilini ni majimaji, weka 1.33 (kipimo cha maji yanavyopinda mwanga) kwenye programu ya kudizainia, la sivyo fokasi itasogea mbali na ulipopanga. Ukimaliza ijaribu ndani ya tone la maji kwanza, na gundi ya kushikizia lenzi uichunguze pia, zingine zinang'aa zenyewe ukizimulika.