Tanuri ya matofali na vumbi la mbao: naandika mara hii moja tu

Kila wiki naulizwa jinsi ya kujenga tanuri ya kuchomea vyungu vya udongo kwa vumbi la mbao, basi jibu lipo hapa. Tanuri hii inachoma vitu vidogo: vikombe, shanga, vyungu vya kimo cha kiganja.

1. Tafuta matofali 64 ya udongo wa kuchoma. Usitumie bloku za simiti, wala mawe ya mtoni.

2. Sawazisha ardhi mahali pa wazi, mbali na ukuta na kamba za nguo.

3. Panga matofali manane kwa kila mzunguko, mizunguko minane, bila simiti. Acha nyufa za upana wa kidole hapa na pale.

4. Kausha vyungu. Hapa ndipo nilipoumia. Ilikuwa Julai, ile baridi yetu ya Nairobi, na vikombe vyangu sita vilikuwa vimekaa dirishani siku tano. Kwa macho vilikuwa vikavu, vimebadilika rangi kabisa. Nikawasha moto wa kuni kwa pupa, na muda si muda nikasikia pa! pa! Kilibaki kimoja, nacho hakina mkono. Maji yaliyojificha ndani ya udongo yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,000 ya ile ya mwanzo, na ukuta wa kikombe hauyapi. Kwa hiyo weka chungu shavuni: ukihisi ubaridi, bado. Afadhali zaidi, kipime kwa mizani ya jikoni kila asubuhi hadi uzito uache kupungua. Kisha kiweke karibu na jiko la makaa saa kadhaa, ukikigeuza. USIFUPISHE hatua hii.

5. Mwaga vumbi la mbao vidole vinne, panga vyungu visigusane, vijaze vumbi ndani, funika, rudia. Vumbi liwe la mbao tupu, si la mbao zilizopakwa dawa au rangi, wala za gundi.

6. Washa juu kwa karatasi na vijiti. Vumbi likishika, funika kwa bati na uende zako.

7. Fungua kesho, vikipoa.

MASWALI

Kijana wa Umoja: Mkuu, nina bloku za simiti, zitafaa?
— Hatua ya 1.

Kijana wa Umoja: Na nikifanyia kwenye balkoni, ghorofa ya tatu?
— Hatua ya 2. Moshi huu una sumu, na majirani wako wana watoto.

Mama Shanga: Mwalimu, mbona vyangu vimetoka vyeusi na si vyekundu kama vya sokoni?
— Swali zuri, dada. Vumbi huungua polepole bila hewa ya kutosha, kaboni ikaingia kwenye udongo. Ukitaka wekundu, choma kwa kuni mahali penye hewa. Ukipenda weusi unaong'aa, sugua chungu kwa mgongo wa kijiko udongo ukiwa umekauka nusu.

Mama Shanga: Nitajaribu! Shanga zangu hupotea kwenye majivu, nazitia kwenye kopo la maziwa lililotobolewa.
— Hiyo naiiba.

Fundi Chai: Naweza kunywea chai humo?
— Hapana. Kitavuja na kunuka moshi. Weka maua.

Fundi Chai: Lakini nyanya yangu alipikia chungu maisha yake yote.
— Nyanya yako alichoma kwa moto mkali wa kuni, kisha akapikia humo kwanza uji mzito, ukaziba vitundu. Alikuwa akitumia udongo gani?

Fundi Chai: Wa kando ya mto, ukachanganywa na vigae vilivyosagwa.
— Ndio huo. Hebu mwulize alisaga laini kiasi gani.