Somo: Gari inamisi? Hamisha koili kwanza ndipo uende dukani

Wakuu, somo hili ni la wenye IST, Raum au Fielder zenye injini ya 1NZ-FE. Zina koili nne (vifaa vinavyoipa plagi umeme wa kuwasha petroli), kila plagi na yake. Gari ikimisi, yaani silinda mojawapo haiwaki sawasawa, ikaanza kutetemeka kwenye sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) na taa ya injini ikawaka, kuna mafundi watakaokwambia ununue zote nne. Usitoe hela bado.

1. Acha injini ipoe kabisa. Silinda hedi ni ya alumini. Ukifungua plagi ikiwa ya moto unaweza kuondoka na nyuzi za hedi.

2. Toa kava ya plastiki. Chomoa soketi za koili kwa kubonyeza vilimi vyake taratibu, maana joto limevikausha, vinavunjika kama biskuti. Fungua bolti kwa spana namba 10, zungusha koili kidogo, ivute.

3. Hapa ndipo penye somo. Tuseme mashine ya kupimia gari imesoma kodi (namba ya kosa) P0302, yaani silinda ya pili inamisi. Hamishia koili yake silinda ya tatu, ya tatu irudi ya pili, futa kodi, zunguka na gari. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Angalia plagi, kisha nozeli (inayopuliza petroli).

4. Puliza shimo kwa upepo, fungua plagi kwa boksi namba 16. Kahawia iliyofifia ni nzima. Masizi makavu: petroli inazidi. Nyeusi yenye utelezi: oili inaingia. Mwanya ni mm 1.1. Anza kufunga kwa vidole. Ikigoma, itoe uanze upya. Plagi mpya ikishakaa, ongeza nusu mzunguko au zaidi kidogo, basi.

MASWALI

Mkuu, nimekuta oili kwenye shimo la plagi. Ringi za pistoni zimekwisha?

Hiyo iko nje ya silinda, imevuja kwenye sili za kava ya valvu. Badilisha sili, na ufyonze oili kabla hujafungua plagi. Mpira wa koili ukilowa, umeme wa plagi unavuja.

Fundi wangu anazisugua plagi kwa msasa kila servisi, sawa?

Za iridiamu asiziguse kabisa, ncha yake ni nyembamba mno.

Naweza kwenda nayo Moro ikimisi hivyo hivyo, nitengeneze mwisho wa mwezi?

Petroli isiyoungua inakwenda kuwakia kwenye masega ya ekzosi (kichujio cha moshi, katalisti) na kuyayeyusha. Bei ya masega unaijua. Na taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima, paki pembeni.