Somo: Kufunga zenoni kwenye taa kubwa na foglaiti, hatua kwa hatua

Wakuu, anayeendesha usiku kutoka Mwanza kwenda Magu au Misungwi anaijua adha yake: baiskeli zisizo na taa, ng'ombe wanaovuka ghafla, ukingo wa lami usioonekana. Zenoni, yaani balbu zenye mwanga mkali kuliko za kawaida, husaidia kweli. Ila ikifungwa kwenye taa isiyoifaa inammulika machoni anayekuja badala ya kumulika barabara, na dereva asiyeona ndiye anayekuhamia upande wako. Ndiyo maana somo linaanza na taa yenyewe, waya baadaye.

Ijue taa yako

Simama mbele ya gari uchungulie ndani ya taa. Ukiona kioo cha duara kilichotuna kama jicho, hiyo ni projekta. Ukiona bakuli la kung'aa tu, hiyo ni rifleta. Rifleta ya halojeni (balbu ya kawaida ya gari) imechongwa kufuata uzi mwembamba ulio ndani ya balbu. Zenoni haina uzi. Mwanga wake unatoka kwenye umeme unaoruka ndani ya kidonge cha glasi, na umbo lake ni jingine kabisa. Ndani ya bakuli lile mwanga huo hutawanyika juu na pembeni. H4, balbu moja yenye uzi wa dimu (mwanga wa karibu) na wa fulu (mwanga wa mbali), ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu halojeni yake ina kikombe kidogo cha bati chini ya uzi wa dimu kinachozuia mwanga usipande. Projekta ina kibati chake ndani kinachokata mwanga kwa mstari, kwa hiyo inaipokea zenoni vizuri zaidi. Msimamo wetu ni huo: projekta, funga, rifleta ya taa kubwa, acha. Mwenye rifleta asome jibu la swali la kwanza.

Vifaa

Toa balbu ya zamani usome kitako chake: H1, H7, H11, HB3 au HB4. Boksi nyingine zimeandikwa 9005 na 9006; ni HB3 na HB4 hizohizo, na haziingiliani. Seti kamili ina balbu 2, balasti 2 (visanduku vinavyopandisha volti ili balbu iwake), mabano, na waya wa rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) wenye fyuzi. Chukua wati 35. Za wati 55 zina joto kali linalobabua rifleta na kuchosha soketi, na mwanga unaoongezeka unawaumiza wengine zaidi ya kukusaidia wewe.

Rangi ni suala la kazi, si urembo. Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4300 ndiyo inayotoa mwanga mwingi: balbu nzuri ya wati 35 hufika lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 3,200 hivi, wakati halojeni ya H7 ina lumeni 1,500. Kelvini 6000 ni nyeupe na bado inafaa. Ukifika 8000 mwanga unakuwa buluu, unapungua, na lami ikilowa wakati wa masika huoni mchoro wa barabara. Kwa foglaiti (taa za ukungu za kwenye bampa) chukua 3000, njano.

Ongeza spana namba 10, bisibisi, testa, spiriti na kitambaa safi, tepu ya umeme, mpira wa kukazia wa joto, na vifungio vya plastiki.

Waya wa rilei

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Balasti ya wati 35 ikishatulia hutumia ampea 3 na kidogo, lakini inapowasha huvuta ampea 7 au 8. Mbili kwa pamoja ni kama 15 kwa sekunde za mwanzo. Waya mwembamba wa kiwandani na swichi ya usukani havikutengenezwa kwa mshtuko huo. Fyuzi itaungua, au soketi itayeyuka taratibu bila fyuzi kukatika, na hilo la pili ndilo la hatari.

Chomoa hasi ya betri kwanza. Rilei ya ampea 40 ina miguu minne muhimu. Mguu wa 30 unakwenda chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 30, na fyuzi iwe karibu na betri, isizidi sentimita 20. Mguu wa 87 unapeleka umeme kwenye balasti zote mbili. Mguu wa 86 unapokea ishara kutoka soketi ya zamani ya taa ya upande mmoja, na wa 85 unakwenda hasi. Njia kuu iwe waya wa milimita za mraba 2.5, kwa kila balasti 1.5 inatosha. Hasi za balasti zirudishe kwenye betri yenyewe. Ukilazimika kufunga kwenye bodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kisha ukishafunga pakaa grisi. Magari ya huku yanapata matope na kuoshwa kwa presha kila wiki. Athi (hasi inayopitia kwenye bodi) iliyofungwa juu ya rangi haidumu.

Kufunga balbu na balasti

Geuza kizibo cha nyuma ya taa ukitoe. Kama raba ya waya wa zenoni haina pa kupita, toboa kizibo kwa drili ya duara, milimita 23 hadi 25; pima raba yako kwanza. Sukuma raba mpaka mfereji wake ukumbatie ukingo wa tundu pande zote. Ikiachia upande mmoja tu, vumbi la barabara za changarawe litaingia na rifleta itakuwa na ukungu wa kudumu.

Balbu mpya inakaa ndani ya kopo la plastiki. Ishike kwenye kitako, usiguse glasi. Mafuta ya kidole yakipata joto yanaacha alama, mahali pale panapata joto kuliko pengine, na glasi inapasuka. Ukigusa kwa bahati mbaya, futa kwa spiriti uache ikauke. Ingiza balbu mpaka pini zake zikae, bila kulazimisha.

Balasti ifungwe kwa mabano kwenye chuma, mbali na eksozi na rejeta, waya zikitazama chini ili maji yasitiririkie ndani. Usiitundike kwa kifungio cha plastiki peke yake. Waya mnene kati ya balasti na balbu usiukate wala kuurefusha: wakati wa kuwasha hubeba volti 20,000 na zaidi. Ndiyo maana hatugusi soketi yoyote taa zikiwa zimewashwa.

Foglaiti

Nyingi unazifikia kwa chini. Kata usukani upande wa pili, toa vibanio vichache vya plastiki ya tairi, ukunje plastiki, mkono unaingia. Balbu inatoka kwa kuizungusha robo kinyume cha saa. Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina HB4 au H11. Foglaiti zipate rilei na swichi yake, zisiungwe na taa kubwa, ili ukiona gari linakuja uzime.

Kulenga

Usiruke hatua hii. Mwanza ni vilima na mawe, kupata sakafu iliyonyooka ni kazi. Tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi kuhakikisha gari na ukuta vimesimama usawa mmoja. Upepo wa tairi uwe sawa, mtu akae kiti cha dereva. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani. Chora kwa chaki urefu wa katikati ya taa, kisha shusha mstari sentimita 5. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu ukae kwenye mstari huo, ukipanda kidogo upande wa kushoto tu. Foglaiti zishuke sentimita 10. Gari likibeba mzigo nyuma, pua inapanda na mwanga nao. Wasafirisha dagaa na samaki walenge likiwa na mzigo.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Igoma:* Mkuu, Probox yangu ni rifleta ya H4. Kwa hiyo niendelee kupapasa gizani?

Hapana, ndugu. Fanya kazi ileile ya rilei, moja ya dimu na moja ya fulu, kwa balbu ya halojeni nzuri ya wati 60/55 na waya mpya. Volti ikipungua kwa asilimia 10 njiani, halojeni hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Pima kwenye soketi injini ikiwa inaunguruma. Ukisoma 12 wakati betri inasoma 14, umeshamjua mwizi.

*Mdau wa Nyegezi:* Nimefunga rilei kama ulivyosema lakini haivuti. Toyota ya zamani, H4.

Toyota nyingi za zamani swichi hukata upande wa hasi, si chanya. Ukifunga 85 kwenye bodi saketi haikamiliki inavyotakiwa. Ondoa 85 kwenye bodi. Unganisha 85 na 86 kwenye pini mbili za soketi ya zamani, ile ya pamoja na ile ya dimu. Rilei yenye dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani ina mwelekeo, ikigoma badilisha pini hizo mbili.

*Mdau wa Buhongwa:* Ya kushoto inawaka sekunde mbili inazima. Ni balbu au balasti?

Hamisha balbu za pande mbili. Ugonjwa ukihama na balbu, nunua balbu. Ukibaki kushoto, hamisha balasti. Ukibaki bado, ni athi au waya wa upande huo. Balbu iliyogeuka rangi ya zambarau imechoka. Badilisha zote mbili, la sivyo rangi hazitalingana.

*Mdau wa Kirumba:* Fundi, naweza kuweka zenoni kwenye fulu ya HB3?

Usiweke. Zenoni inahitaji sekunde kadhaa kufikia mwanga kamili, na fulu inatakiwa papo hapo. Kuwasha na kuzima kila mara kunaila balbu haraka.

*Mdau wa Ilemela:* Gari limekuja na zenoni za kiwandani, D2R. Dukani wananipa D4R, wanasema ni moja.

Si moja. D2 hufanya kazi kwa volti 85, D4 kwa volti 42. Rudisha uchukue D2R, ambayo ni ya rifleta iliyotengenezwa kwa zenoni. D2S nayo ni ya projekta, haina rangi nyeusi ya kuziba mwanga kwenye glasi.

*Mdau wa Kisesa:* Vile vijidudu vya ziwani vikitanda usiku vinaganda kwenye taa mpaka mwanga unafifia.

Lowesha kwanza kwa kitambaa chenye maji na sabuni, acha dakika chache, ndipo ufute. Ukisugua pakavu unachubua lenzi ya plastiki, na mikwaruzo hiyo hutawanya mwanga hata balbu ikiwa mpya.